Siku Nilisimama ku Kiti ya Papa

Weye unaweza kukaa ku kiti moya, kiti ya muti, ya chini, yenye kupasuka katikati, tangu jogoo analia mpaka jua inainama, bila kuinua matako hata mara moya? Usijibu mbio. Fikiri kwanza. Fikiri kukojoa, fikiri inzi, fikiri jirani anapita na beseni ya mikate ya mafuta, ingali moto. Miye niliweza. Meno mbili ya mbele ilikuwa imetoka, zingine hazijaota, na niliweza. Kiisha siku moya sikuweza, na ile siku njo nataka kuwaelezea, bamama na bapapa ya umri wangu, ju batoto ya leo, ukiwaambia mambo kama ile, banasema koko, nyanya yabo, anaota.

Na miye sikuitafuta ile siku. Ilinifuata ndani ya televizyo.

Dorka, mwana ya binti yangu ya pili, iko na miaka kumi na mbili na mudomo ya miaka makumi tano. Tunakaa pamoja hapa Tshopo, mu Kisangani, yeye, mama yake na miye. Siku moya anarudi na kale kadude kadogo ka kuingiza nyuma ya televizyo, flash, anasema: "Koko, kuya uone bazungu benye wazimu."

Bon. Nikakuya na pondu yangu, majani ya muhogo, ya kuchambua. Naona nini? Mayi. Mayi nyeusi, inapanda kama mulima, inaanguka, inapanda tena. Katikati, bwato ya chuma inaruka sawa jani ndani ya sufuria yenye kuchemuka. Batu bamevaa manguo ya mupira, rangi ya machungwa, na baridi iko kali mpaka mayi inageuka barafu mu ndevu yabo. Banatupa ndani ya mayi bizimba ya chuma, kubwa, familia muzima ingeweza kulala mule. Banangoja siku mbili, tatu, banarudi kuinua. Na ndani? Krabe! Kaa, ile nyama ya mayi yenye kutembeaka upande. Lakini haiko ile yetu ya vidole mbili. Ile yabo iko sawa beseni ya kuoshea mutoto, na miguu kama muhogo.

"Iko film?" nikamuuliza Dorka.

"Hapana, koko. Iko ya kweli. Kamera inabafuata tu ku kazi yabo, musimu kwa musimu."

"Na mutu akianguka?"

"Anaanguka ya kweli."

Pale kizimba moya ikatoka, mayi ikamwagika pande zote, chwaaa, na miye nikaacha pondu. Televizyo haina harufu, najua, haiko miye mujinga. Lakini nilisikia harufu ya kekele yenye kulowana. Kekele njo zile kamba ya pori zenye papa yangu alikuwa anafumiaka mitego. Miaka mingi sijaisikia ile harufu, na ikakuya kunikaa ku koo, pale pale, mu salon yangu, mbele ya bazungu.

Shiye tunatoka ku kisanga kidogo, mbele ya Yanonge, mayi huku, mayi kule, njia ya motokari hakuna. Papa alikuwa mutu ya mitego. Alifuma yake mwenyewe, ndefu kama mutu mwenye kulala, mudomo pana, shingo nyembamba: samaki inaingia, haijue kurudi. Asubui anaenda kuinua, mangaribi anarudi. Na mu nyumba yetu kulikuwa sheria moya. Sijui kama ilikuwa ya batu bote ya mayi, labda ilikuwa ya papa na ya papa yake tu, lakini kwetu haikuchezewa: wakati mutu iko ku mayi, kiti yake haibakie wazi. Mutoto moya anakaa juu mpaka mwenyewe anarudi. Ju mayi, papa alisema, iko na macho. Inatazamaka mpaka ndani ya nyumba ya batu. Ikiona kiti wazi, inasema: ah, huyu hana mahali ya kurudia, acha nibakie naye.

Kila asubui, kafi ya kuvutia pirogi, mutumbwi yake, iko ku bega, papa anasimama mu kiwanja, anauliza:

"Nani anakaa?"

Mwenye zamu anajibu: "Miye ninakaa, papa."

"Utasimama?"

"Sitasimama."

Kiisha anaenda, bila kuangalia nyuma. Musifikiri ilikuwa azabu. Pale ku kiti unaweza kula, kusuka nywele ya mutu, kumenya mbegu ya mbika, kugombana. Ukitaka kwenda nyuma ya nyumba, unaita ndugu yako: anaingiza tako moya, weye unatosha moya, anaingiza ingine, hivyo kiti haione hewa. Tulikuwa bawili tu kwa ile kazi, miye na yaya Mado, mukubwa wangu. Mado tangu utoto alikuwa na akili ya soko. "Nikalie zamu yangu, nitakupa kichwa ya samaki." Na miye kichwa ya samaki, mpaka leo, unaweza kuniuza nayo.

Sasa kule ku televizyo, kila bwato iko na muzee moya anakaa juu, mu kachumba ka vioo, ku kiti kubwa ya ngozi. Batoto beko banapigwa na mayi ya barafu kule chini, yeye anakaa. Anakunywa kahawa, anakaa. Anatukana, anakaa. Nikapiga makofi.

"Tazama! Bazungu pia banajua! Ule anabakalia kiti!"

"Koko, ule iko kapiteni. Anaendesha bwato."

"Na matako?"

"Na mikono, koko!"

"Mikono kila mutu iko nayo. Ule kazi yake ni kukaa."

Dorka alicheka mpaka akaanguka chini ku simenti. Alicheka, lakini miye nikasimama, nikaenda mu chumba, nikatosha kiti ya papa. Ju ninayo. Ndogo, nyeusi, yenye kupasuka katikati. Ile mupasuko inafinyaka mapaja, alama yake ninayo ku ngozi. Hakuna mutoto anakaa juu yake mu nyumba yangu. Miye pia sikuwa nakaa. Nilipangusaka tu vumbi. Siku ile nikaiweka mbele ya televizyo, nikakaa, na mpaka bwato ya chuma inarudi ku porti yabo, sikuinua matako.

Hivyo njo tulianza. Kila siku ya posho, jumamosi, kisha chakula, Dorka anaingiza flash, tunaangalia epizodi tatu, ine. Alinigeuzia kifaransa yabo. Nilibapatia majina: kapiteni, Papa Ndevu, mupishi yabo, Tumbo, na kijana moya ya nywele nyekundu, mugeni ku kazi, mwenye kutapika kila siku, nilimuita Pilipili. Nilimupenda Pilipili. Alikuwa anaimbaka wakati anafunga bizimba.

Jirani yangu, mama Shantal, akipita ku dirisha anatupa maneno yake:

"Ee mama! Bale bazungu baliishaka kurudi kwabo zamani, beko banakula lituma yabo ya ndizi! Weye uko unakaukia pale ku kiti kama makayabu, samaki ya chumvi!"

"Mama Shantal, weye unajua nini? Miye nabaona beko ku mayi sasa hivi."

"Basi uwasalimie!"

"Kuya ukae zamu yako, utawasalimia mwenyewe."

Na courant, umeme, munaijua ya kwetu. Barrage ya kuitosha iko karibu, tunasikia sauti yake kila siku, lakini courant yenyewe inatembelea batu bengine. Ikikatika wakati bwato ingali katikati ya mayi, miye nabakia nakaa. Dorka anaanza kuapa: "Koko, nilishaangalia mbele, banarudi bote, naapa na Biblia." Pale njo nasimama. Batoto ya kiwanja bananiita Mama Kapiteni. Nacheka nao. Nilicheka mingi ile wakati, siwafiche.

Lakini kulikuwa ile mambo ingine. Yaya Mado anapigaka simu. Yeye alibakia kule ku kisanga, na sasa njo iko peke yake ku nyumba ya bazazi. "Leki yangu, mudogo wangu, unakuya lini? Magoti yangu imekufa, siwezi kupanda bwato tena. Tuonane mbele moya hajazika mwenzake." Miye: yaya, niko na homa. Yaya, ni mvua. Yaya, fundi hajamaliza nguo. Sababu zote nilizimaliza, nikaanza kuzirudilia. Yeye alikuyaka kwangu mara mbili, siku ya ndoa yangu na siku ya matanga ya bwana yangu. Miye, tangu mama alinitoshaka kule mutoto, macho yangu imefunikwa na liputa, kitenge yake, ndani ya pirogi, sijarudia. Hata Lubunga, kule ngambo tu, unaona jiko ya batu inatoa moshi, sijavukaka. Batu banafikiri naogopa mayi. Haiko kuogopa. Ni vile mayi inaweza kuniuliza.

Alors, ile siku ya posho. Muvua ilikuwa imepita, jua inawaka. Tuko ku epizodi ya tatu. Bahari imekasirika. Pilipili anavuta kamba, haimbe, anaangalia chini tu. Mayi ikakuya kwa mugongo yake, kubwa, kimya, sawa mutu mwenye kutembea bila viatu. Kuisha kupita, Pilipili hakuna. Bote banapiga kelele, mikono inaonyesha mayi. Na Papa Ndevu, kule juu, akasimama. Akatoka mbio. Kamera ikabakia mule mu kachumba. Tukaona kiti ya ngozi, wazi, inazunguka peke yake, polepole, polepole, inatupatia mugongo.

Pa! Courant ikaenda.

"Kaa!" miye niko napiga kelele mbele ya televizyo nyeusi. "Muzee, rudia! Rudia ukae!"

Dorka akaanza kucheka. Kiisha akaona sura yangu, akaacha.

"Koko? Koko, iko nini?"

"Uliishaka kuangalia mbele? Alitoka mu mayi?"

Musichana yangu hajue kudanganya wakati ananiangalia. "Hii sijaiangalia, koko. Ilikuwa ya mwisho ku flash."

Akakaa chini, karibu ya miguu yangu. Na miye, na nguvu yote yenye nilikuwa nafungiaka ile mulango ya roho, nikashindwa. Nikamuelezea. Mutu ya kwanza duniani.

Ile siku zamu ilikuwa ya Mado. Papa aliuliza, Mado njo alijibu, "Sitasimama," nilisikia na masikio yangu. Papa akaenda. Hata kafi yake haijaanza kusikilika ku mayi, Mado akanifinya sikio: rafiki zake beko banaenda kufua ku mayi, kichwa ya samaki mangaribi, moya na nusu. Nikaingiza tako langu, akatosha yake, akaenda na beseni ku kichwa. Mama alikuwa ku shamba.

Miye nilikuwa na furaha, ju jana yake papa aliniletea krabe. Ilikuwa imeingia mu mutego yake, ndogo, rangi ya udongo, jicho moya inatazama huku, ingine kule. Nilikuwa nimeitia ndani ya mukebe ya tomate, na mayi kidogo, na jani moya ya kuifunika ju isisikie jua. Mukebe ilikuwa pale, karibu ya muguu wangu. Niliiimbia. Niliipatia fufu, haikupenda.

Jua ilikuwa imefika katikati. Sijui nani alisukuma mukebe, labda muguu wangu. Ikalala. Krabe ikatoka, ikasimama, ikaniangalia, ikaanza kwenda upande, tik tik tik, haina haraka. Nikanyosha kidole ya muguu, haifike. Nikaita Mado, hasikie. Nikaita tena. Krabe iko inaenda, na inaenda kwa pande ya mayi. Na miye, na akili yangu ya mutoto, nikahesabu: mayi iko na macho, ndio, lakini macho ni mbili tu kama yangu, na fleve, muto yetu, iko na ngambo mbili, labda sasa inatazama ile ingine.

Nikasimama.

Nilikimbia nyuma yake mpaka nyuma ya jiko, kati ya migomba, mpaka ku kuni. Ilinifinya, nikalia, nikaikamata tu. Haikupita muda ya kuchemusha yai. Nikarudi na krabe yangu mukononi, na furaha yangu, na nikaona kiti.

Kiti ilikuwa imelowana.

Mayi ilikuwa juu yake, mayi ya kweli, inaingia mu mupasuko, inaanguka chini, to, to, to. Na ku udongo, alama ya miguu yenye mayi, inatoka kwa pande ya fleve, inafika ku kiti, inarudi kwa pande ya fleve. Mutu hakuna. Ndege hakuna. Kiwanja muzima kimya.

Miye nilielewa pale pale. Mutoto anaelewaka mbio. Papa alirudi. Alirudi, akakaa ku kiti yake, akatazama: mutu wa kumukalia hakuna. Akasema, ah, basi. Akasimama, akarudi kwenye banamutaka.

Nikakaa juu ya ile mayi. Ilikuwa baridi. Jua katikati ya kichwa, na ile mayi baridi ku mapaja yangu. Siku ingine, mpaka leo, nikiwa nakaa kanisani, ao ku soko nyuma ya samaki zangu, naisikia ile baridi inapanda, naweka mukono chini ya liputa kuangalia kama nimelowana.

Mangaribi ile, papa hakurudi. Kesho yake balikuta pirogi yake mu majani ya mayi, kafi imelazwa ndani vizuri, sawa mutu mwenye kusema nakuya sasa. Mitego haijainuliwa. Yeye, mayi haikumurudisha, wala siku ile, wala siku ingine. Tulilia juu ya mukeka wazi. Siku ya pili ya matanga nilienda na mukebe yangu mpaka ku mayi, nikairudishia krabe. Nilifikiri tunaweza kubadilishana. Nilingoja mingi pale. Nilingoja mpaka mama akakuya kunibeba.

Kiisha mama akanileta huku Kisangani, kwa tantine, shangazi yake, nisome. Nilisoma miaka mbili, tantine akanitosha ku masomo, nikaanza kuuza samaki ya moshi. Lakini siku nilitoka kule kwetu, mama aliniwekea kiti ya papa ku kichwa. "Kamata. Iko yako." Basi. Hakuongeza neno. Na miye nikajua: siku ile aliniona. Nikajua ile ni hukumu yangu: uliikimbia, sasa utatembea nayo.

Dorka akasogea, akaegemea muguu wangu.

"Na koko Mado," akasema mwishoni, "yeye anasemaka nini juu yake?"

"Hajui. Njo ju ya ile siendi."

Mbele nimuzuie, alishakamata simu yangu, alishaweka sauti nje. Inalia. Inalia. "Allo? Leki? Ni mvua tena?" Mado huyo, na kicheko yake ya kuzeeka.

Nilikuwa ningali nakaa ku kiti. Nikaishika na mikono mbili.

"Yaya. Siku ile ya papa. Nilisimama."

Nikasikia kuku yake kule ku kisanga, nikasikia mayi, ao nilifikiri nasikia.

"Unasema nini?" akasema. "Weye? Zamu ilikuwa ya nani? Papa aliuliza nani? Miye njo niliapa, miye njo nilienda kucheza na sabuni. Miaka hii yote... leki, miaka hii yote nafikiri haukuye ju hunisamehe."

Nikamuelezea tu krabe, migomba, kuni, kiti yenye kulowana, miguu ku udongo. Na kule ndani ya simu nikasikia kitu yenye sikuisikiaka tangu utoto, yaya Mado analia na sauti.

"Ile mayi," akasema. "Ee Mungu. Ile mayi ilikuwa ya liputa yangu."

Alikuwa anafua, na roho yake ikamupiga, akakumbuka kiapo. Akapanda mbio, mayi inamwagika ku nguo. Akakuta kiti wazi. Akakaa, vile vile na mayi yake, ju isibakie wazi hata kidogo tena. Kiisha akajiuliza: mudogo iko wapi? Kama alinifuata ku mayi? Akaogopa, akarudi mbio kule kunitafuta, anaingia mpaka mu kifua, ananiita. Na wakati alirudi tena, akanikuta nakaa pale, krabe mukononi, sura nyeupe. "Nikashukuru Mungu kama uko muzima," akasema, "nikanyamaza. Uliniangalia vibaya sana. Nilisema, huyu anajua kama niliacha kiti."

"Na mama? Mama aliniona?"

"Mama alikuwa ku shamba, mutoto weye! Mama alikupa kiti ju kila siku kisha matanga ulikuwa unalala juu yake kama mwana ya paka. Alisema, huyu ukimutenga na kile kiti, atakufa."

Basi. Munasema, ah, mama, sasa roho yako imepoa. Miye pia nilifikiri hivyo. Kesho yake, kisha misa, courant ikakuya, Dorka akakimbia kwa rafiki yake kutafuta epizodi yenye kufuata, na tukaona: Papa Ndevu alisimama ju ya kutupa kamba. Pilipili aliikamata. Balimuvuta juu kama mutego, mayi inatoka pande zote, balimuweka chini, anatapika, anapumua, anaishi. Dorka akanishika goti.

"Koko. Kiti ilikuwa wazi ile wakati yote. Na alitoka."

"Nimeona," nikasema. "Nyamaza kidogo."

Ju nilikuwa nafikiri. Miaka yote ile nilikuwa namujua mwenye kumuua papa. Nililala naye, niliamka naye, nilimupeleka kanisani. Ilikuwa miye. Ni nzito, lakini ni kitu ya kushika. Sasa munaniambia haiko miye, haiko Mado, kiti wazi haiue mutu. Basi nani? Mayi tu? Mayi inapita, inakamata mutu mwenye kulaza kafi yake vizuri, inaenda nayo, bila sababu, bila kutazama hata nyumba yake? Bahati mbaya, batu banasema. Miye ile njo inaniogopesha kupita yote. Afazali ingekuwa na macho.

Lakini nilisema pia kitu ingine mu roho: Mado ananingoja, na yeye magoti yake haimungoji. Nikamuambia mama ya Dorka anitafutie bwato ya kwenda Yanonge, kule mutu atanivusha na pirogi. Mama ya Dorka alinishika uso kama anapima homa. Mama Shantal akakuya mbio: "Mama Kapiteni anaenda bahari ya kweli! Utuletee krabe!" Nikamuambia nitamuletea moya, imufinye mudomo.

Bwato inaondoka kesho asubui. Leo mangaribi nilikuwa nafunga mizigo: liputa mbili, sukari ya yaya, chumvi, sabuni, dawa ya magoti. Yote imeingia. Nikatazama salon, nikatazama kiti ya papa pale mbele ya televizyo, na mikono yangu ikaacha kamba. Mado hawezi kunikalia, yeye njo naenda kuona. Bwana yangu hayuko. Na batu bote mu nyumba sasa banajua kama ile ni mambo ya zamani, tumeelezana, imeisha. Siwezi kuomba. Nikaanza kufungua muzigo, polepole, kama mutu mwenye kutafuta kitu.

Dorka aliniona. Akapangusa kiti na mukono, akakaa juu. Hakuna mutoto alishakaaka juu yake mu nyumba yangu, na sikumufukuza. Mupasuko ikamufinya, akakunja sura.

"Aah! Koko, hii kiti inauma!"

"Ninajua. Toka pale. Nitabakia kule siku ine. Na kula?"

"Nitakula hapa."

"Na kukojoa?"

"Mama anaingiza tako moya, miye natosha moya. Si njo kazi yake?"

"Na kulala?"

"Weye ulilalaka juu yake kama mwana ya paka. Uliza tu, koko. Uliza kama papa yako alivyokuwa anauliza."

Nikaweka muzigo ku bega, kama ilikuwa kafi.

"Nani anakaa?"

"Miye ninakaa, koko."

"Utasimama?"

Akashika kiti na mikono mbili, akaniangalia mu macho, huyu mutoto mwenye hajue kudanganya wakati ananiangalia.

"Sitasimama," akasema. "Hata krabe ikipita."